Mshahara Mnono na Kazi Yenye Maana: Gharama ya Kuanza Upya

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma)



Katika ofisi nyingi na katika vyumba vya walimu husikika mazungumzo ya aina moja. Mmoja huwaza kuacha chaki aende kwenye kampuni inayolipa vizuri. Mwingine hushangaa kusikia kwamba mtu aliyekwisha kufika kwenye kampuni kama hiyo, mwenye gari, nyumba na mshahara mnono, ameviacha vyote akaenda kusomea kazi ya mapato madogo. Wa kwanza huitwa mwerevu. Wa pili huitwa mwendawazimu au, akifanikiwa, huitwa shujaa. Yafaa majina hayo yawekwe kando kwa muda, kwa sababu jina la mwendawazimu na jina la shujaa yote mawili humzuia msikilizaji asiulize swali lililo muhimu: mtu huyo alifanya nini hasa baina ya siku aliyoiacha kazi ya kwanza na siku aliyoiweza kazi ya pili?

Kipindi hicho cha katikati ndicho shabaha ya mazungumzo haya. Kuacha kazi ni tendo la siku moja: barua huandikwa, hutiwa sahihi, hupelekwa kwa mkubwa. Kujifunza kazi mpya ni tendo la miaka. Mtu aliyeacha kazi tu hajamfaa bado mtu yeyote. Amepunguza hesabu ya wafanyakazi mahali fulani, basi. Thamani ya uamuzi wake huanza pale anapokubali kukaa tena kwenye benchi la mwanafunzi, akasahihishwa, akakosea, akarudia, mpaka akastahili kukabidhiwa kazi aliyoitamani. Na kwa kuwa kipindi hicho kina gharama, ni lazima ijulikane ni nani anayeilipa.

MTOTO WA ACCRA

Mfano mzuri kwa Mwafrika ni ule wa Bwana Patrick Awuah wa Ghana. Alizaliwa Accra mwaka 1965, akasoma katika shule ya Achimota, shule kongwe iliyolea viongozi wengi wa nchi ile. Mwaka 1985 alikwenda Marekani kwa msaada wa masomo, akajiunga na Chuo cha Swarthmore katika jimbo la Pennsylvania. Alihitimu mwaka 1989 katika uhandisi na uchumi, kisha akaajiriwa na kampuni ya Microsoft, watengenezaji wa programu za kompyuta, karibu na mji wa Seattle.

Ni vyema kukumbuka hali ya kampuni ile katika miaka hiyo. Hisa zake zilianza kuuzwa kwa umma mwaka 1986, na thamani yake ikapanda mwaka hadi mwaka. Wafanyakazi walipewa, pamoja na mshahara, haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa siku waliyopewa haki hiyo. Bei ya sokoni ilipopanda, aliyenunua kwa bei ya zamani alijikuta na mali nyingi. Wengi walitajirika wakiwa bado vijana. Bwana Awuah alifanya kazi huko kwa miaka ipatayo minane. Alikuwa mahali ambapo vijana wenzake wa Ghana, na wa Tanzania, na wa nchi yoyote maskini, wangeona ndipo mwisho wa safari.

Mwaka 1995 alizaliwa mtoto wake wa kwanza wa kiume. Mwaka uliotangulia Rwanda ilikuwa imepitia mauaji ya kimbari, na kabla ya hapo dola ya Somalia ilikuwa imesambaratika. Bwana Awuah ameeleza hadharani kwamba kuzaliwa kwa mtoto huyo kuliifanya Afrika iwe na uzito mpya moyoni mwake. Alikuwa ameondoka nyumbani akidhani mambo ya huko yamekwisha kumtoka. Alipomwona mwanawe aligundua kwamba hayajamtoka.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kufungua Ghana kampuni ya programu za kompyuta. Hilo ni wazo la kawaida kwa mhandisi: mtu hupenda kuhamisha kazi anayoijua kuipeleka mahali anapopapenda. Lakini alipochunguza aliona kwamba upungufu mkubwa haukuwa wa kampuni. Ulikuwa wa watu waliozoezwa kufikiri, kupima mambo na kusimamia amana ya wengine bila kuila. Katika hotuba aliyoitoa mwaka 2007 alizungumzia rushwa na udhaifu wa vyombo vya umma, akauliza ni akina nani wanaoviongoza vyombo hivyo, na walipata mafunzo ya namna gani. Swali hilo lilimtoa kwenye biashara ya programu likampeleka kwenye elimu. Akaazimia kuanzisha chuo kikuu.

MIAKA YA KATIKATI

Aliacha kazi mwaka 1997. Hapa ndipo lilipo somo la kwanza, nalo kwa kawaida huachwa wakati habari yake inaposimuliwa kwa haraka. Hakupanda ndege kwenda Accra akiwa na fedha mkononi na nia njema kifuani. Alikwenda shuleni. Alijiunga na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kusomea uongozi wa biashara, akamaliza mwaka 1999.

Kwa nini mhandisi mwenye shahada na uzoefu wa miaka minane arudi darasani? Kwa sababu alijua mpaka wa ujuzi wake. Kuandika programu ni kazi moja. Kuendesha chuo ni kazi nyingine kabisa: kuna ada na mishahara, ardhi na majengo, sheria na vibali, mitaala na wahadhiri, wafadhili wanaotaka hesabu na wazazi wanaotaka matokeo. Mtu aliyesifiwa kwa miaka mingi katika kazi moja huanza kuamini kwamba sifa hiyo itamfuata kila aendako. Bwana Awuah hakuiamini imani hiyo. Wakati akiwa Berkeley, wanafunzi wa huko walikwenda Ghana kuchunguza kama chuo cha namna aliyoifikiri kingeweza kupata wanafunzi na kujiendesha. Baadaye yeye na aliyekuwa mwanafunzi mwenzake, Bibi Nina Marini, waliunda taasisi ya kukusanya michango, na miongoni mwa waliochangia walikuwamo watu aliofahamiana nao katika kampuni ile aliyoiacha.

Chuo kilifunguliwa mwaka 2002 katika nyumba ya kupanga mjini Accra, kikiwa na wanafunzi 30. Kiliitwa Ashesi, neno la lugha ya Kiakan lenye maana ya mwanzo. Mwaka 2008 wanafunzi wake walikubali utaratibu wa kufanya mitihani bila msimamizi chumbani, kila mmoja akiwa amejifunga kwa ahadi ya uaminifu. Jambo ambalo hata wadhibiti wa elimu wa nchi hiyo hawakulipokea kwa urahisi. Mwaka 2011 chuo kilihamia kwenye majengo yake yenyewe katika vilima vya Berekuso, nje ya mji.

Hesabu ni rahisi. Kuanzia siku ya kuacha kazi hadi siku ya kupokea wanafunzi wa kwanza ilipita miaka mitano. Kuanzia siku ya kuacha kazi hadi kuhamia kwenye majengo ya chuo ilipita miaka 14. Tuzo kubwa za kimataifa zilikuja baadaye, mwaka 2015 na mwaka 2017. Anayetazama tuzo peke yake huona mtu aliyeruka kutoka mafanikio hadi mafanikio. Anayetazama tarehe huona mtu aliyekubali kuwa mwanafunzi, halafu mwombaji wa michango, halafu mpangaji, kwa muda mrefu kuliko ule aliokuwa mwajiriwa wa kampuni.

KUINAMA KWA MTU MZIMA

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hiyo hutumiwa sana kuwahimiza watoto, lakini watu wazima ndio wanaoihitaji zaidi. Mtoto hainami, maana bado ni mfupi. Mtu mzima mwenye cheo ndiye anayeumia kiuno.

Nchini Uingereza upo mfano ambao kila mwalimu ataufahamu mara moja. Bibi Lucy Kellaway, aliyezaliwa mwaka 1959, alikuwa mwandishi katika gazeti la Financial Times la London kwa zaidi ya miaka 30. Alijulikana kwa safu yake ya kukejeli maneno matupu ya wakubwa wa makampuni. Mwaka 2016 alitangaza kwamba angeacha uandishi wa kila siku akasomee ualimu. Pamoja na Bibi Katie Waldegrave alianzisha shirika liitwalo Now Teach, la kuwavuta watu wazima waliokwisha kufanya kazi nyingine ili waje kufundisha katika shule za sekondari. Mwaka 2017 alianza mwenyewe kufundisha hisabati katika shule moja ya Hackney, mashariki ya London, akiwa na umri wa miaka 58. Katika kundi la kwanza la shirika hilo walikuwamo watu zaidi ya 40, wengine wakitoka mabenki na ofisi za wanasheria.

Ni lazima kueleza vizuri maana ya jambo hilo. Mtu aliyezoea wakurugenzi wa makampuni wamwogope anaingia darasani, na watoto wa miaka 12 hawajui yeye ni nani wala hawajali. Andalio lake la somo linakaguliwa na mwalimu ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake. Sauti yake haitoshi, au inazidi. Kipindi kinakwisha kabla hajafika nusu ya aliyoyapanga. Daftari zipo mezani na kesho zinatakiwa. Kumpigia simu mtu wa kumsaidia haiwezekani, maana darasani mwalimu yuko peke yake. Bibi Kellaway ameandika waziwazi juu ya ugumu wa miezi hiyo, na baadaye alihama kutoka hisabati akafundisha masomo ya biashara na uchumi. Miongoni mwa walioanza pamoja naye, baadhi waliacha. Si ajabu. Ajabu ingekuwa kama wote wangebaki.

Hapa kuna heshima ambayo walimu wanastahili kuipokea, ingawa hakuna aliyekusudia kuitoa. Watu waliosimamia mamilioni ya fedha walipoingia darasani waligundua kwamba kufundisha ni ufundi. Si kazi ya kila aliyekosa kazi nyingine. Hauwi mwepesi kwa sababu ya elimu kubwa ya mtu, wala hauwi mwepesi kwa sababu ya nia njema. Hujifunzwa kama useremala unavyojifunzwa, kwa mikono na kwa muda, chini ya macho ya mwenye kuujua.

Tanzania nayo inalijua jambo la mtu mzima kurudi kuwa mwanafunzi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wengi vijijini walifundishwa kuandika majina yao na vijana waliomaliza shule ya msingi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba anayetaka kuingia chuo kikuu afanye kazi kwanza, ili chuo kipokee watu wanaojua kwa nini wanasoma. Utaratibu huo wa Musoma uliachwa baadaye, na yako mengi ya kujadili juu yake. Lakini nchi iliyomwona babu akishikwa mkono na mjukuu ili aandike herufi ya kwanza haina sababu ya kumcheka mhasibu wa miaka 40 anayeomba nafasi katika chuo cha ualimu au cha uuguzi.

HESABU YA NYUMBANI

Baada ya kusema hayo, ni wajibu kusema na upande wa pili kwa uwazi ule ule. Habari za watu walioacha mishahara minono husimuliwa kwa namna inayoficha akiba zao. Bwana Awuah alitoka katika kampuni iliyokuwa ikitajirisha wafanyakazi wake. Bibi Kellaway alianza ualimu baada ya zaidi ya miaka 30 ya kazi yenye malipo mazuri, watoto wake wakiwa wamekwisha kukua. Hilo haliwapunguzii sifa. Wako wengi waliokuwa na akiba kubwa kuliko zao ambao hawakufanya lolote. Lakini linabadilisha somo. Daraja walilolipita lilikuwa limejengwa kwanza kwa fedha.

Mshahara wa mtumishi wa Afrika ni kitu cha namna nyingine. Juu ya karatasi ni wa mtu mmoja. Kwa kweli ni wa watu wengi: mama anayetibiwa, mdogo aliye shule ya kulala, mjomba aliyefiwa, mtoto wa dada anayetafuta ada. Siku mtu huyo anapotangaza kwamba amechoka na kampuni na sasa anafuata moyo wake, anatangaza pia, hata kama hakukusudia, kwamba mtoto fulani atarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Ni uamuzi wa nyumba nzima, na nyumba ina haki ya kusikilizwa kabla ya barua kuandikwa. Mtu anayedai kwamba anakwenda kuwatumikia wananchi, huku amewatupa wale walio chini ya paa lake, ameanza utumishi wake kwa kosa.

Basi na ihesabiwe. Mafunzo yatachukua miezi mingapi? Ada yake ni kiasi gani? Ni mshahara wa miezi mingapi utakaokosekana? Kuna mkopo unaokatwa kwenye mshahara, na mshahara ukikoma, mkopo huo utalipwa na nani? Michango ya pensheni itakuwaje? Bima ya matibabu ya watoto itakwisha lini? Baada ya kuhitimu, mshahara wa kuanzia ni kiasi gani, na je, kazi ipo? Maswali haya si ya woga. Mkulima anayehama shamba huacha chakula ghalani cha kumfikisha kwenye mavuno ya kwanza ya shamba jipya, wala hakuna anayemwita mwoga.

Aidha, si kila kujifunza kunahitaji kuacha kazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilianzishwa kwa ajili ya watu wasioweza kukaa mabwenini: walio kazini, wenye watoto, walio mbali na miji mikubwa. Anayedhani anautamani ualimu na aombe kufundisha kipindi kimoja cha jioni kila wiki kwa mwaka mmoja. Anayedhani anautamani uuguzi na akae siku kadha wodini, usiku, si mchana wa wageni. Kama baada ya hapo hamu bado ipo, ni hamu ya kazi. Kama imekwisha, ilikuwa ni uchovu wa ile ya zamani, na uchovu una dawa zake nyingine, nyepesi kuliko kuanza maisha upya.

Tofauti baina ya mambo hayo mawili haionekani kwa urahisi kwa mwenye kuyabeba. Anayekimbia huzungumza sana juu ya mahali anapotoka: mkubwa wake, vikao visivyokwisha, taarifa zisizosomwa. Anayekwenda huzungumza juu ya mahali anakokwenda, na hujua mambo yake madogo madogo. Walimu wenye kupokea wageni wa namna hii wanaweza kuwatambua kwa kuwasikiliza kwa robo saa.

WITO SI BADALA YA MSHAHARA

Liko jambo ambalo ni lazima lisemwe mbele ya watumishi wa umma, hasa wale wenye mamlaka ya kupanga mafungu ya fedha. Inaposimuliwa kwamba matajiri wameacha mapato yao wakaenda kufundisha kwa furaha, huweza kutokea mtu akasema: kumbe kazi hii ina malipo yake moyoni, basi malipo ya mfukoni yanaweza kusubiri. Hoja hiyo ni ya hatari, na ni ya uongo.

Mtu aliyeingia ualimu akiwa na nyumba aliyomaliza kuilipia anaweza kuuvumilia mshahara mdogo, kwa sababu haishi kwa mshahara huo. Mwalimu wa kijijini, anayetembea kilomita nyingi kufuata malipo yake na kuyakuta yamechelewa, anaishi kwa huo tu. Kumwambia kwamba kazi yake ni wito ili asidai haki yake ni kumlipa kwa sarafu isiyokubaliwa dukani. Tena ni kuiharibu kazi yenyewe. Maana mwalimu mwenye njaa hutafuta biashara ya jioni, na biashara ya jioni hula andalio la asubuhi, na mwisho wake mtoto ndiye anayelipa. Wito wa kweli hustahili kulipwa vizuri, sawasawa na ujuzi mwingine wowote mgumu kupatikana.

Mambo ya Uingereza yanathibitisha kwamba hata nchi tajiri husahau haraka. Mwaka 2024 serikali ya huko ilitangaza kwamba haitaendelea kulifadhili shirika lile la kuwavuta watu wazima kwenye ualimu, ingawa upungufu wa walimu ulikuwa bado ni mkubwa. Nia ya mtu binafsi, hata iwe kubwa namna gani, huhitaji njia iliyotengenezwa: chuo kinachompokea mtu mzima bila kumdharau, posho ya kumfikisha mwisho wa mafunzo, sheria inayotambua miaka yake ya kazi ya nyuma, na mwalimu mzoefu wa kumsimamia. Njia hiyo isipokuwapo, watakaopita ni wenye akiba tu, na utumishi wa umma utakuwa starehe ya uzeeni kwa waliokwisha kushiba.

WANAOBAKI

Na wale ambao hesabu ya nyumbani inawakatalia kuondoka? Ni wengi, nao si watu duni. Karani anayelifuatilia faili la mstaafu mpaka kiinua mgongo chake kinalipwa kwa wakati anafanya kazi yenye maana kama ile ya mganga. Mhandisi wa kampuni anayemfundisha kijana wa mafunzo bila kumficha ufundi ni mwalimu, ingawa hana chaki. Kazi yenye maana haitambulikani kwa jina lake wala kwa udogo wa mshahara wake. Hutambulikana kwa hili: kwamba mtu mwingine, anayejulikana kwa sura, amekuwa katika hali bora kwa sababu kazi hiyo ilifanywa vizuri, na angekuwa katika hali mbaya kama ingefanywa ovyo. Mtumishi anayeiona sura hiyo mbele ya meza yake kila siku, na bado anatamani kwenda mahali pengine kutafuta maana, yafaa atazame tena mezani pake kwanza.

Kwa upande wa walimu, upo wajibu mwingine. Siku moja ataingia katika chumba cha walimu mtu wa makamo, aliyevaa vizuri kuliko wote, asiyejua kuandaa azimio la kazi wala kuitisha ukimya darasani. Atakuwa amesoma sana, na pengine kwa wiki za mwanzo atazungumza kana kwamba shule ni kampuni iliyochelewa kufanyiwa mageuzi. Ni rahisi kumcheka na kumwacha ashindwe. Ni bora kumpa kiti, kumwazima vitabu vya mwongozo, kukaa nyuma ya darasa lake, na kumwambia ukweli baada ya kipindi. Hakuna mwalimu aliyezaliwa akijua kazi hii, na kila aliye ndani ya chumba hicho aliwahi kufundishwa na mtu aliyekuwa na kazi nyingi za kufanya siku hiyo.

Na kwa yule ambaye amekwisha kuhesabu, nyumba yake imekubali, hamu yake imepimwa kwa mwaka mzima na haikupungua, la kusema ni fupi. Aandike barua yake kwa heshima, akabidhi ofisi vizuri, asiwatukane anaowaacha. Kisha anunue daftari.